Nne na Nne ni Mbili

Mpiga besi wetu tunamwita Profesa, maana ana jibu kabla hujamaliza kuuliza. Siku ya onyesho, mimi nikihangaika na nyuzi za gitaa, yeye akajitwika kazi ya kuunganisha vyombo. Amplifaya yangu ni ya transista, na nyuma imeandikwa waziwazi kwamba spika zisishuke chini ya omu 4; omu ndiyo kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Boksi langu la spika ni omu 4. Lake pia 4. Akayachomeka yote mawili.

"Nne na nne?" akamuuliza mpiga ngoma.

"Nane."

"Basi tumewazidi hata wenyewe waliotengeneza!"

Hesabu safi, ila yale matundu ya nyuma hayajumlishi. Yameungwa sambamba, umeme unapata njia mbili badala ya moja, na omu zinabaki 2. Yangeungwa mfululizo, hapo sawa, 8.

Ubaya wa jambo hili ni utamu wake. Wimbo wa kwanza gitaa lilinguruma hadi nikaanza kumheshimu Profesa. Katikati ya wa pili ikaja harufu ya kuungua, kisha moshi mwembamba ukapanda nyuma ya mwimbaji. Watu wakashangilia. Mwimbaji, akidhani tumemkodia mashine ya moshi, akafumba macho na kunyoosha mikono. Nikapiga kelele, "Zima!" Akaidaka: "Zimaaa!" Umati ukaitikia.

Kwa fundi, transista za kutolea sauti zilikutwa zimekufa. Akapima maboksi, kila moja mita ikasoma 3.2. Profesa akawaka: "Tumepunjwa! Dukani walisema nne!" Fundi akamweleza taratibu kwamba mita hupima koili, ule waya uliosokotwa ndani ya spika, kwa umeme wa betri, lazima isome pungufu, omu za kwenye lebo ni za muziki ukipita, nazo hupanda na kushuka kufuatana na noti. Profesa hakuridhika. Alitaka arudishiwe pointi nane zake.

Pembeni palikuwa na amplifaya ya mteja mwingine, ya valvu, zile chupa za kioo zinazofanya kazi ya transista, tayari imewashwa, inapashwa moto.

"Hii sasa tuijaribu kisomi," akasema, akishika waya wa spika. "Tuchomoe spika kabisa. Hakuna mzigo, hakuna hatari. Au siyo, fundi?"

Kumbe ya valvu ukiipiga bila spika, volti hupanda kwenye transfoma yake ya kutolea sauti mpaka inaweza kuungua. Fundi, mzee wa watu, aliruka benchi.

"Kijana," akaniambia, kamshika Profesa kiganja, "amplifaya iache hapa. Huyu ondoka naye."