Klorini ya bomba haijamkosesha mtu mchicha

Pita mitaa ya Njiro, hapa Arusha, asubuhi, jua likiwa bado changa, utaona ndoo na mapipa yamepangwa ukutani yakiwa wazi. Yamejazwa tangu jana jioni. Mwenye bustani atakueleza kwamba anangoja dawa itoke, kwa sababu maji ya bomba yana klorini, na klorini inaua vijidudu vinavyoupa udongo uhai. Ukipanda Moshi, mzee wa kihambani, shamba la migomba linalozunguka nyumba, atakuongezea kwamba migomba yake imekunywa maji ya mfongo, mfereji wa jadi wa kutoka mlimani, miaka yote, hayana dawa, na haijawahi kulalamika.

Watu hawa siwabezi. Wanaupenda udongo wao, na hoja yao ina msingi. Klorini inatiwa kwenye maji ili iue vimelea, na haichagui kimelea kibaya na kizuri. Ni kweli pia kwamba ukiyaacha maji wazi siku nzima kwenye chombo cha mdomo mpana, hasa juani, sehemu kubwa ya klorini huondoka. Anayelowesha samadi ili apate mbolea ya maji ana sababu ya kusubiri, maana pipa lile linategemea bakteria tupu. Na mwenye bwawa la sato asithubutu kuingiza maji ya bomba moja kwa moja: klorini inaunguza matamvua ya samaki.

Ila tuta la mboga si pipa wala bwawa. Hapo ndipo naona tumechanganya mambo.

Shirika la Afya Duniani linashauri klorini isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtu anapokinga maji, na linaweka kikomo cha miligramu 5. Tuseme maji yako yana 0.5. Keni ya lita 10 inabeba miligramu 5 za klorini, basi. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4 hivi, yaani miligramu 4,000. Kigawe mafungu 800, chukua fungu moja: huo ndio uzito wa klorini unayoimwaga kwenye tuta la mita moja ya mraba. Sasa tazama inakoangukia. Udongo wa tuta hilo, kina cha sentimita 10 tu, ni ujazo wa lita 100, na ukiwa na mboji asilimia mbili tu, una zaidi ya kilo nzima ya mboji. Miligramu 5 zinakutana na kilo! Klorini ikigusa mboji inaungana nayo pale pale na nguvu yake inaishia hapo. Bakteria wachache wa juu kabisa watakufa, walio chini hawatapata habari, na baada ya muda mfupi nafasi imejazwa. Sehemu kubwa ya klorini hiyo hugeuka kloridi, ile iliyomo kwenye chumvi ya kula, na mmea wenyewe unahitaji kloridi kidogo ili uishi. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1954, kwa nyanya.

Tuta langu la sukuma linanyweshwa kwa mpira kutoka bombani. Wiki iliyopita niling'oa shina lililozeeka, nikakuta nyungunyungu watatu wanene wamejikunja katikati ya mizizi.

Kinachonitia hofu ni kile watu wanachokifanya wakishaogopa klorini. Pipa la kusubiri siku moja halikai siku moja. Linajazwa kabla halijaisha, halifunikwi, na mbu aina ya Aedes, anayeeneza dengi, hupenda maji ya namna hiyo hiyo: yametulia, yako karibu na nyumba. Dar es Salaam ilimjua vizuri mwaka 2014 na tena 2019. Halafu maji yaliyokwishapoteza klorini hayana ulinzi tena. Mkono mchafu ukichota humo, uchafu unabaki humo.

Tena kwa sisi wa Arusha, kitu kigumu kwenye maji yetu ni floridi inayotoka kwenye miamba ya volkano, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Floridi haipai. Pipa likikaa juani maji yanapungua, floridi inabaki ile ile kwenye maji machache zaidi. Umesubiri siku nzima kukiondoa kisichodhuru mboga, na kingine umekikoleza.

Na wapo wanaokwenda mbali zaidi. Dada mmoja mkulima wa saladi aliniambia ameacha bomba kabisa. Bili, ndiyo, ilimuuma, lakini sababu aliyoitaja kwanza ilikuwa dawa: maji ya mto, alisema, ni ya asili. Mto anaousema ni Themi, unaopita katikati ya mji na kupokea mitaro yetu. Mzee wa kihambani ana haki ya kuusifu mfongo unaotoka juu msituni. Themi chini ya mji ni habari nyingine, na saladi haipikwi. Nilimkuta jioni ile ameinama kwenye jiwe, anasuuza mafungu ya kupeleka sokoni kwenye maji yale yale, jani kwa jani, kwa uangalifu mkubwa.