Nani Alijenga Msingi wa Hightower?

Msomaji anayeanza riwaya za George R. R. Martin, zile za A Song of Ice and Fire, hutaka kujua nani atakalia kiti cha enzi. Akishavimaliza vitabu vyote vitano, ubishi wake huhamia kwenye mambo yanayosemekana kutokea miaka elfu nane kabla ya ukurasa wa kwanza. Kati ya nadharia zote za zamani hizo, mojawapo inayoshikiliwa kwa nguvu ni ile ya Milki Kuu ya Mapambazuko. Inadai kwamba kabla ya Valyria, taifa lililosifika kwa kufuga majoka, palikuwa na milki huko mashariki ya mbali. Mfalme mmoja alimuua dada yake akanyakua kiti, dunia ikaingia kwenye Usiku Mrefu, kipindi cha giza na baridi isiyoisha, na walionusurika wakasafiri hadi Westeros, bara la magharibi ambako sehemu kubwa ya riwaya inatokea. Huko, wanasema wenye nadharia, walijenga msingi wa mnara wa Hightower mjini Oldtown na kuacha uzao wenye macho ya zambarau, kama ukoo wa Dayne.

Si porojo. Katika kitabu cha kwanza, cha mwaka 1996, Daenerys, binti wa ukoo wa kifalme wenye asili ya Valyria, anaota mizuka ya wafalme wenye nywele za fedha na dhahabu, na macho yao ni ya opali, amethisto, turmalini na jeidi. Mwaka 2014 kikatoka kitabu cha historia ya dunia hiyo, alichokiandika Martin pamoja na Elio García na Linda Antonsson. Humo watawala wa milki ile ya kale wanaitwa kwa majina ya vito, na vito vyote vinne vya ndotoni vimo. Msingi wa Hightower nao ni wa jiwe jeusi lililoyeyushwa, mtindo unaofanana na wa Valyria lakini bila mapambo yake, na ngome tano za mpakani mashariki, za jiwe la namna hiyo hiyo, zinatajwa kuwa za kale kuliko Valyria yenyewe. Tena mashabiki wamewahi kupatia. Tangu miaka ya 1990 walishasema wazazi wa kweli wa Jon Snow, mmoja wa wahusika wakuu, ni akina nani, na tamthilia ya televisheni, Game of Thrones, ikathibitisha mwaka 2016.

Mfano huo wa Jon, hata hivyo, hauwabebi kama wanavyodhani. Siri yake ni ya kizazi kimoja tu, na Howland Reed, aliyekuwepo siku mama yake Jon alipofariki kwenye mnara mwingine, si Hightower, bado yu hai. Milki ya Mapambazuko haina shahidi. Kitabu cha 2014 kimeandikwa kwa sauti ya Maester Yandel, msomi wa Oldtown anayenukuu hekaya za Yi Ti, nchi ya mashariki ya mbali, na ambaye, anapofikia vita vya karibuni, anapendelea waziwazi ukoo wa mfalme anayemwandikia. Samwell Tarly, rafiki wa Jon anayependa vitabu, naye anasema wazi kwamba historia kongwe zaidi za Westeros ziliandikwa baada ya Andali, wavamizi kutoka ng'ambo ya bahari, kufika, na kwamba Watu wa Kwanza, waliokuwepo kabla yao, waliacha alama kwenye mawe tu. Kuhusu vito, Martin husema yeye ni mwandishi wa namna ya mtunza bustani, anayepanda mbegu na kuona kitakachoota, si msanifu anayechora ramani nzima kwanza. Mtu wa namna hiyo aweza kabisa kurudi kwenye ndoto ya 1996 na kuokota majina humo.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni umbo la nadharia yenyewe, na sisi wa Uganda tunalijua umbo hilo. Mwaka 1863 John Hanning Speke alichapisha kitabu cha safari yake ya kutafuta chanzo cha Nile, akadai kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu asili yao ni Uhabeshi. Aliona falme zenye mpangilio, akaamua lazima zililetwa na wageni. Waandishi wa kikoloni wakalishika wazo hilo na kulifungamanisha na Bachwezi, akina Ndahura na Wamara wa masimulizi ya Kitara, dola ya kale ya magharibi ya Uganda, waliotawala kwa muda mfupi kisha wakatoweka. Mahandaki ya Bigo bya Mugenyi karibu na mto Katonga, yenye urefu unaozidi kilomita 10, yakahesabiwa kazi ya wageni hao.

Walipochimba Peter Shinnie mwaka 1957 na Merrick Posnansky mwaka 1960, walichokuta ni vyombo vya udongo vya jadi ya eneo hili hili na mifupa ya ng'ombe, vitu vya karne ya 14 na 15 hivi. Ntusi, jirani tu, ilikuwa na wafugaji na wakulima karne kadhaa kabla ya hapo. Bado wasomi hawajakubaliana kama Bachwezi walikuwa watu au, kama alivyotetea Christopher Wrigley, miungu tangu mwanzo. Ila wageni waliokuja kuwajengea wenyeji hawakuhitajika.

Sasa rudi Oldtown. Kuna jengo kubwa lisilo na maelezo, kuna wenyeji wanaosemekana hawakuweza kulijenga, na hapo hapo wanaitwa watu wa mbali wenye nywele za fedha. Najua jibu la wapenzi wa nadharia, nalo lina uzito: Kitara haikutungwa na mtu, Westeros imetungwa, kwa hiyo dalili iliyomo imewekwa kwa makusudi. Ni kweli. Ndiyo maana nakubali sehemu ya kwanza ya hoja yao, kwamba majoka na jiwe la kuyeyushwa ni vya kale kuliko Valyria. Barth, kasisi aliyechunguza asili ya majoka, anataja maandishi ya Asshai, mji wa mashariki ya mbali, yanayosema hivyo kuhusu majoka, na ngome tano zinamuunga mkono. Lakini mwandishi huyo huyo ameweka kwa makusudi wasomi wanaopingana. Maester Theron, kwa mfano, anauhusisha msingi wa Hightower na viumbe wa baharini, si wapanda majoka wowote. Kumchagua msomi mmoja kwa sababu hadithi yake inapendeza, kisha kuwagawia nasaba akina Dayne, ni kufanya alichofanya Speke.

Samwell sasa yuko Oldtown, jirani na mnara wenyewe. Kitabu cha sita, kinachosubiriwa tangu 2011, kikimpa alama zilizochongwa na Watu wa Kwanza wenyewe wakisimulia waliokuja kwa majoka kutoka mashariki, nitaikubali nadharia nzima, na akina Dayne wao pamoja nayo.