Mdudu wa Kenya, jina la Stockholm

Juzi mpwa wangu alinijia na simu mkononi. "Mjomba, kumbe kuna mdudu wa Kenya anaitwa Greta?" Nikamwambia aache mzaha. Hakuwa na mzaha. Habari yenyewe ni ya 2019, mimi ndiye niliyechelewa, ila hasira zangu bado mbichi.

Mdudu ni Nelloptodes gretae, dundu wa milimita 0.79. Hana macho, hana mbawa, manjano iliyopauka, na vipapasio virefu ambavyo watu walivifananisha na nywele za kusuka za Greta Thunberg, yule mwanaharakati wa mazingira. Alitolewa kwenye udongo wa Kenya kati ya 1964 na 1965 na mtafiti William Block, uhuru wetu haujakauka wino. Mwaka 1978 akaingia makumbusho ya historia asilia ya London, akalala humo mpaka mtafiti mwingine, Michael Darby, alipomtazama vizuri. Zaidi ya miaka hamsini hana jina, na siku ya kubatizwa anapewa la binti wa Uswidi. Hongera.

Haya, kwa shingo upande nakubali: aliyefanya kazi ndiye mwenye kuchagua jina, kanuni ndivyo zilivyo. Na kazi hiyo si lelemama. Nilipokuwa mwanafunzi tuliwahi kukata chupa ya plastiki, tukaweka majani yaliyooza juu ya wavu, spiriti chini, tukawasha taa kwa juu. Wadudu wa udongoni hukimbia joto na ukavu, wanashuka chini, wanadondokea kwenye spiriti. Asubuhi tukakuta spiriti ina vumbi. Chini ya hadubini, vumbi lina miguu! Nikajaribu kumgeuza mmoja kwa ncha ya sindano. Kichwa kikabaki huku, tumbo kule. Sasa jamii ya huyu Nelloptodes kwa nje wanafanana mno, mara nyingi lazima ukatafute tofauti kwenye viungo vya uzazi, vya kiumbe ambaye mzima mzima hafiki milimita. Kwa hiyo mzee Darby nampa heshima yake. Na Greta sina ugomvi naye, jina lake lilimfikisha dundu kwenye magazeti ambayo kwa miguu yake asingeyafikia.

Lakini asije mtu akaniambia Kiswahili hakifai kwa mambo haya. Mwaka huohuo wa 2019, dinosaria aliyefukuliwa Tanzania aliitwa Mnyamawamtuka moyowamkia. Soma kwa sauti. Mnyama wa Mtuka, kwa sababu ya mto alikopatikana. Moyo wa mkia, kwa sababu mfupa wake mmoja wa mkia una umbo la moyo. Hilo jina hata bibi yangu asiyejua hadubini ni nini angelielewa, angecheka, na angelikumbuka. Na waliompa ni watafiti wa Marekani! Basi ugeni si kisingizio. Waliuliza tu mnyama katoka wapi, watu wa huko wanasemaje. Dundu wetu hana macho: Nelloptodes kipofu, ingegharimu nini? Au angepewa jina la Thomas Odhiambo, Mkenya aliyeanzisha icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, pale Nairobi mwaka 1970 na kutumia maisha yake kwa wadudu.

Kubadilisha jina sasa, sahau. Kuna dundu mwingine kipofu, wa mapango ya Slovenia, anaitwa Anophthalmus hitleri tangu 1937, na mpaka leo jina halijamtoka. Kuhusu ni sampuli ngapi nyingine za kwetu zinalala kwenye makabati ya watu, hilo tuliache, nina presha.

Mpwa wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ile chupa tuliikatia wapi, juu au chini. Nikamwonyesha. Jioni nikamkuta amechuchumaa nyuma ya nyumba, anazoa majani kwa kijiko. Taa yangu ya kusomea haijarudi hadi leo.