Vajra haikubaki silaha
Mwandishi wa makala kuhusu vajra anasema kwamba vajra ni silaha ya radi ya Indra, mungu wa Wahindu, na kwamba Wabudha waliichukua kutoka kwa Wahindu kama ilivyo. La kwanza nakubali, la pili sikubali hata kidogo. Katika Rigveda, kitabu kitakatifu cha kale cha Wahindu, Indra anamuua Vritra, joka lililozuia maji, kwa vajra iliyofuliwa na Tvashtri, fundi wa miungu. Masimulizi ya baadaye yanasema iliundwa kwa mifupa ya Dadhichi, mtu wa hekima aliyekubali kufa ili miungu wapate silaha. Hapo tayari kuna kujitoa mhanga, na makala imelipita jambo hilo kimyakimya. Lakini kwa Wabudha wa Tibet na Nepal vajra ni chombo cha ibada. Nimemwona lama, yaani mwalimu wa dini wa Wabudha wa Tibet, akisali kwenye hekalu la Boudhanath, Kathmandu: vajra ya shaba inayoenea kiganjani iko mkono wa kulia, kengele iko wa kushoto. Vajra ni huruma na njia ya kutenda, kengele ni hekima, na anapopishanisha mikono kifuani ameshika vyote viwili, anaonyesha kwamba kimoja hakitoshi bila kingine. Tazameni pia ncha zake: mara nyingi zimepinda ndani zikakutana kileleni, na zikiwa tano huhesabiwa kuwa hekima tano za Mabudha watano. Silaha gani inatengenezwa hivyo? Na walioishi India watueleze: Wahindu wa huko wanaishika vajra kwenye puja, yaani ibada yao, au wanaiona tu mkononi mwa sanamu za Indra?