Jogoo wa Hangu na Jino Langu

Ngome ya Hangu iko karibu na mji wa Lingbao, katika jimbo la Henan nchini China, mahali ambapo njia ya kuelekea magharibi hubanwa na kuta za udongo wa manjano, kiasi kwamba askari wachache wangeweza kuzuia jeshi zima. Dola ya kale ya Qin iliifanya kuwa komeo la mlango wake: muungano wa dola kadhaa ulikwama hapo mwaka 318 KK, na mwingine ulioongozwa na dola ya Chu ukatimuliwa mwaka 241 KK. Mimi nilipoteza jino papo hapo bila kushambuliwa na mtu yeyote.

Mwongozaji alikuwa akitusimulia sisi wanafunzi kisa cha Bwana Mengchang wa dola ya Qi, kilichoandikwa na Sima Qian, mwanahistoria wa kale wa China. Alipotoroka Qin usiku, Mengchang alikuta lango limefungwa, na sheria ilikataza lisifunguliwe kabla ya jogoo kuwika. Ndipo mfuasi wake mmoja, ambaye wenziwe waliona aibu hata kuketi naye, akawika. Majogoo wa jirani wakaitikia, lango likafunguliwa, na askari waliomfuatia wakafika ameshapita. Kwa maoni yangu, mtu huyo anastahili sanamu kuliko majenerali wengi.

“Nani atawika?” mwongozaji akauliza.

“Sheikh, wewe ni mtu wa Pemba, tuwakilishe,” wenzangu wakasema, huku wakinisukuma mbele.

Nikavuta pumzi, nikatoa kokoriko ya alfajiri iliyoanzia tumboni, na katika ile “ko” ya mwisho jino langu la mbele, ambalo ni la bandia, likachomoka, likapita juu ya kofia ya mzee mmoja mtalii na kutoweka. Hakuna jogoo aliyeitikia. Wastaafu waliokuwa wakipita, baada ya kuelezwa msiba wangu kwa ishara, waliinama wote na kuanza kupekua vumbi la njia ile ya kale, huku mwongozaji akiendelea kutueleza, bila kutikisika, jinsi jenerali Xiang Yu alivyoivunja ngome mwaka 206 KK.

Hatimaye bibi mmoja alilikuta ndani ya mwavuli wake. Nilimshukuru kwa Kichina kilichojaa miluzi. Akanipapasa bega, akaniomba niwike tena, kwa kuwa mumewe alikuwa hajawasha kamera.