Mkate Hufunikwa Usione Haya

Ijumaa jioni, katika nyumba za Wayahudi washika Sabato, mezani huwekwa mikate miwili ya kusukwa, chala, ikafunikwa kitambaa. Mtoto akiuliza kwa nini, wazazi wengi humjibu kwamba divai ndiyo hubarikiwa kwanza, basi mkate umefunikwa usione haya kupitwa. Ni jibu la kitoto kwa makusudi: kama hata mkate tunausitiri, itakuwaje mtu? Lakini kuna kisa cha zamani, husimuliwa kwa namna nyingi, cha mwenye nyumba aliyemfokea mkewe mbele ya mgeni kwa kusahau kuufunika.

Kisa hicho ndicho kinachonirudia kila nikisikia wazazi wakishauriwa kuchota somo la Torati kwa kila jambo la nyumbani, kuanzia kuamka hadi kugombania kiti cha dirishani.

Wanaoshauri hivyo wana pa kusimamia. Kumbukumbu la Torati 6:7 inamtaka mzazi awafundishe watoto aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo na aondokapo. Hiyo ni siku nzima ya mtoto, na shule haikutajwa. Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, inasema mtoto akianza tu kusema, baba amfundishe Torati na Shema, yaani tamko la imani kwamba Mungu ni mmoja. Wengi hadi leo hulala baada ya kuitamka. Tena Torati imegawanywa mafungu 54 yanayosomwa kwa mzunguko wa mwaka, kwa hiyo kila Sabato meza ina hadithi yake. Mzazi asiyejua aanzie wapi ameshaanziwa.

Tatizo ni hadithi zenyewe. Kitabu cha Mwanzo hakina familia za kuigwa hivihivi. Isaka alimpenda Esau, Rebeka akampenda Yakobo. Ukimwambia mwanao awe kama Yakobo, basi iruke sura ya 27, maana humo anamdanganya baba yake asiyeona.

Wahenga wa Talmudi hawakuziruka hadithi kama hizo. Ila tazama walimwelekezea nani kidole. Kuhusu kanzu ya Yusufu wanasema: mtu asimpendelee mtoto mmoja kuliko wenzake, kwani kwa sufu ya uzito wa sela mbili tu, sarafu za kale, ambayo Yakobo alimwongezea Yusufu, ndugu walimwonea wivu, na mambo yakaishia baba zetu kushuka Misri. Mahali pengine wanaonya: usimwahidi mtoto kitu kisha usimpe, utamfundisha uongo. Naye Rabi Samson Raphael Hirsch, huko Ujerumani katika karne ya 19, aliwalaumu waziwazi Isaka na Rebeka kwa kuwalea pacha wawili wenye tabia tofauti kwa kalibu moja.

Masomo haya yote yanamkabili mzazi. Hata aya inayotangulia ile ya kufundisha inataka maneno yakae kwanza moyoni mwake yeye. Mimi naona hapo ndipo ushauri mwingi wa siku hizi unapopotoka: unayageuza maneno yamkabili mtoto, tena wakati analia.

Desturi hazina haraka hiyo. Ijumaa hiyohiyo, baba au mama huweka mikono juu ya kichwa cha mtoto: wa kiume aombewa awe kama Efraimu na Manase, wa kike kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Hata aliyepigana na dada yake mchana huwekewa mikono ileile.

Lakini nisizipambe mno. Mwaka 1994 mwanahistoria Haym Soloveitchik aliandika jinsi Wayahudi washika dini walivyohama kutoka kujifunza kwa kuona nyumbani hadi kujifunza kwa maandishi. Aliyeanza kushika Sabato ukubwani hana jiko la mama la kulikumbuka. Lazima asome kwa nini mkate unafunikwa. Huyo akiweka kitabu karibu na sahani simlaumu. Na mwanawe akisahau kitambaa, anaweza kukichukua mwenyewe akafunika, wakaendelea na divai.