Mnato Hausemi Yote: Kwa Nini Viambato vya Wino Navyo Vipimwe

Mashine zinazochapa tarehe za mwisho wa matumizi na namba za toleo kwenye chupa, makopo na nyaya zimezua ubishi wa siku nyingi baina ya mafundi. Ili chapa ya jioni ifanane na ya asubuhi, je, yatosha kupima mnato wa wino, yaani uzito au wepesi wake unapotiririka, au ni lazima pia kujua ndani yake kumebaki kiyeyushi kiasi gani, resini (gundi inayoshikisha rangi) kiasi gani na rangi kiasi gani? Wanaotetea mnato ndio wengi. Wanaotaka viambato vipimwe huonekana kama watu wa maabara waliokuja kuitia gharama kazi inayokwenda vizuri, na mara nyingi hoja yao hukatwa kabla haijasikilizwa.

Hoja ya mnato ina nguvu, tena ni nguvu ya kifizikia. Mwanafizikia Rayleigh alionyesha mwaka 1878 kwamba uzi wa kimiminika hukatika kuwa matone kwa wepesi zaidi pale urefu wa wimbi linaloutikisa unapokuwa kama mara 4.5 ya kipenyo chake. Mwaka 1936 mhandisi Ohnesorge aliunganisha mnato, densiti (uzito kwa kila kipimo cha ujazo), mvutano wa uso na ukubwa wa tundu katika namba moja inayotabiri jinsi uzi huo utakavyokatika. Katika hesabu hizo hamna mahali pa asilimia ya resini. Nozeli, yaani tundu linalorusha wino, haijui wino umetengenezwa kwa nini. Inajua tu umekuwa mzito au mwepesi. Isitoshe, mnato hupimika kwa urahisi: wino ukisukumwa kwa shinikizo linalojulikana, kasi yake inatosha kumwambia fundi hali ilivyo.

Hayo yote ni kweli, na yangetosha kabisa kama wino ungepita kwenye nozeli mara moja tu na kwenda zake. Lakini katika mashine za mtiririko usiokatika, sehemu ndogo tu ya matone hufika kwenye bidhaa, na yanayobaki hunaswa na mfereji na kurudishwa tangini. Tuchukue hesabu nyepesi. Tundu la mikromita 60 hutoa matone yenye ujazo wa chini kidogo ya nanolita moja. Yakiwa 60,000 kwa sekunde, ni mililita tatu hivi kwa dakika. Kwa kasi hiyo, lita moja ya wino humaliza mzunguko kwa saa tano na nusu, na mashine isiyozimwa usiku na mchana huupitisha wino uleule hewani zaidi ya mara nne kwa siku, karibu mara thelathini kwa wiki. Kila mara mfereji unapovuta matone huvuta na hewa, na hewa hiyo hutoka na mvuke wa kiyeyushi. Wino mwingi wa aina hii hutumia methili ethili ketoni, ambayo viwandani huitwa MEK, na kiyeyushi hicho huchemka kwenye nyuzi 80 hivi za Selisiasi. Hukauka upesi, na kwa sababu hiyohiyo ndicho kilichochaguliwa. Kwa hiyo wino uliomo tangini siku ya tano si ule uliomiminwa siku ya kwanza. Resini, rangi na chumvi inayoupitishia umeme vimebaki vyote, kiyeyushi kimepungua na kuongezwa mara nyingi, na kila nyongeza imetegemea uamuzi wa kipimo kimoja.

Kipimo hicho kimoja ndicho kinachonitia wasiwasi. Mnato hupanda kiyeyushi kinapopotea, lakini hupanda pia chumba kinapokuwa baridi. Chukua mashine inayowashwa alfajiri baada ya mapumziko ya siku mbili. Wino ni baridi, mnato uko juu, na mashine inaongeza kiyeyushi. Kufika saa nne mitambo imepata joto, na wino ambao haukuwa na upungufu wowote sasa ni mwepesi kupita kiasi: matone hayakatiki pale yanapotakiwa kuchajiwa umeme wa kuyaelekeza, herufi zinainama, na maandishi yanapauka hadi kamera ya ukaguzi inayakataa. Kuongeza kiyeyushi kulichukua sekunde chache. Kukitoa hakuna njia ila kusubiri kikauke chenyewe, na zamu nzima inaweza kwisha kwa kusubiri. Ni kweli mashine nyingi zina jedwali la kurekebisha mnato kwa halijoto, lakini jedwali hilo limetengenezwa kwa wino mpya, si kwa wino uliozunguka wiki nzima.

Na baridi si sababu pekee. MEK hupokea maji; katika joto la kawaida la chumba inaweza kubeba zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Palipo na unyevu mwingi hewani, maji huingia tangini kidogo kidogo, hubadilisha jinsi wino unavyokauka na unavyopitisha umeme, na mnato unaweza usitoe dalili ya kutosha. Katika wino mweupe wenye titani dioksidi, ambayo kwa ujazo uleule ina uzito wa kama mara nne ya maji, chembe hutuama chini. Kinachofika kwenye nozeli kinaweza kuwa na mnato unaokubalika na bado kisiwe na weupe wa kutosha.

Watetezi wa mnato wana jibu zuri hapa, na ningependa lisikike. Husema kwamba hata hivyo vihisi vya viambato havioni viambato. Vinakisia tu, kwa kupima densiti, mpindo wa mwanga au upitishaji umeme, na vyote hivyo navyo huyumbishwa na joto. Wamesema kweli. Densiti ya MEK hushuka kwa karibu gramu 0.001 kwa kila sentimita ya ujazo nyuzi moja inapoongezeka. Nimepiga hesabu ya wino wenye robo ya uzito wake resini na rangi: kupoteza asilimia moja ya uzito wake kama kiyeyushi kunapandisha densiti kwa 0.0007 tu. Kosa la nyuzi moja katika kipimajoto, basi, lingetosha kuficha upotevu huo wote. Ongeza na dirisha la kihisi cha mwanga linalogandwa na resini, na kila aina ya wino inayodai urekebishaji wake, utaelewa kwa nini fundi mzoefu husita.

Hata hivyo, hesabu hiyo inadai kipimajoto kizuri. Haifuti haja ya kujua viambato. Joto na upotevu wa kiyeyushi huviyumbisha vipimo viwili, mnato na densiti, kwa viwango visivyolingana. Ukiwa na mnato peke yake, una namba moja na mambo mawili usiyoyajua. Ukiwa na mnato, densiti na joto vilivyosomwa mahali pamoja, unaweza kuyatenganisha. Kwa maoni yangu, mnato ubaki kuwa mlinzi wa nozeli, wa kusimamisha kazi unapovuka mpaka, lakini uamuzi wa kuongeza kiyeyushi uondolewe mikononi mwake na ukabidhiwe kipimo cha viambato.

Faida yake huonekana pale vipimo viwili vinapopingana. Mnato umepanda, densiti baada ya kurekebishwa kwa joto iko palepale: kiyeyushi hakijapotea, na kumimina kingine ni kuharibu wino. Hapo fundi anajua aangalie kama resini imezeeka, na pengine alimwage tangi lote kabla bidhaa hazijaanza kurudishwa.